Balbu ya Kuku na Mbuzi wa Kijerumani

Kama uko Karatina asubuhi hii najua umevaa sweta mbili, maana ukungu umeshuka kutoka mlimani mpaka juu ya mabati ya soko. Mimi niko ndani ya studio na kikombe cha chai, kwa hiyo sina haki ya kulalamika.

Majuzi siku ya soko nilikwenda kununua karoti. Sasa, mtu wa Karatina hawezi kununua karoti bila kwanza kupita kwa wauza mifugo kuona mbuzi wanakwendaje. Nikapita. Nikaitwa: "Mwalimu!" Nilifundisha bayolojia miaka mingi katika vilima hivi, na jina hilo limekataa kustaafu pamoja nami. Aliyeniita ni shosho mmoja, kofia ya sufu mpaka kwenye nyusi, kamba ya mbuzi mkononi.

"Mwalimu," akasema, "huyu mbuzi ana damu ya Kijerumani. Mzungu mmoja alitembelea kikundi chetu akatuambia kwao mbuzi wa aina hii huzaa majira ya mwezi wa pili mpaka wa nne, basi, hadi mwaka ufuatao. Wangu alizaa Julai, kukiwa na baridi ya kuua. Akapumzika, akazaa tena Machi. Sasa niambie, mwongo ni nani, mzungu au mbuzi?"

Nikacheka. Lakini alikuwa na swali la pili, na hilo halikunichekesha. Mjukuu wake alianza kufuga kuku wa mayai, akawajengea ndani ya banda lile lile la mbuzi, upande wa pili wa ubao. Akawatilia balbu. Inawaka jioni giza linapoingia, inazimwa saa nne na nusu usiku. "Tangu balbu ije," akasema shosho, "kuku wanataga vizuri. Lakini huyu mama ametulia. Hapigi kelele, hatikisi mkia, hataki beberu. Ni balbu?"

Nilimwambia nitamjibu redioni. Kwa hiyo, shosho, kama umewasha redio, keti vizuri. Na wewe mwingine usiye na mbuzi, kaa pia, kwa sababu jibu linapita kwenye ubongo wako vilevile.

Tuanze na mzungu na mbuzi. Wote wawili walisema kweli.

Wazee wa Nyeri wanakumbuka mwanzoni mwa miaka ya 1990, ulipokuja mradi wa mifugo midogo wa ushirikiano na Wajerumani. Mashamba yetu yalikuwa yamekatwakatwa kwa urithi hadi ng'ombe akawa hana pa kugeukia. Wakaletwa mbuzi wa Alpine kutoka Ujerumani, wakapandishwa na mbuzi wetu, vikundi vikapewa mabeberu, na beberu akikaa mahali kwa muda anahamishiwa kikundi kingine asije akapanda binti zake. Mwaka 1994 kikaundwa chama cha wafugaji wa mbuzi wa maziwa, chenye makao hapa Nyeri. Wengi wenu chai mnayokunywa sasa ina maziwa ya vitukuu vya mabeberu hao, ingawa mnamficha mgeni msije mkasikia "mimi situmii maziwa ya mbuzi."

Mbuzi wale walipopanda ndege waliacha kitu kimoja nyuma, nacho ni usiku wa kwao. Ujerumani ya kusini, usiku wa Desemba unakaribia saa 16, na ule wa Juni ni wa saa 8 hivi. Mbuzi huko anauhisi usiku ukirefuka kuanzia Agosti, na mwili wake unaelewa: tafuta dume sasa, ubebe mimba miezi mitano, uzae majani yanapochipua. Akikosea hesabu, mtoto anazaliwa kwenye theluji. Sasa chukua mbuzi huyo umlete Karatina. Ikweta inapita pale Nanyuki, kilomita 50 na kitu kutoka hapa. Kwetu, tofauti kati ya usiku mrefu kuliko wote wa mwaka na ule mfupi kuliko wote haifiki dakika 5. Mbuzi anasubiri usiku urefuke. Haurefuki. Anasubiri ufupike. Haufupiki. Mwishowe vitukuu vyake vikaacha kusubiri, vikazaa Julai.

Swali la darasani ni hili: mbuzi anaupima usiku kwa chombo gani? Hana saa, hana kalenda ya ukutani yenye picha ya chama cha akiba na mikopo.

Chombo anacho. Ukienda kwa mchinjaji ukaomba ubongo wa ng'ombe, ukautenga katikati pale nusu mbili zinapokutana, ndani kabisa upande wa nyuma, utakuta kijitezi cha rangi ya kijivu chenye wekundu, si kikubwa kuliko punje ya mahindi. Chako wewe ni kama punje ya mchele. Ni tezi ya pineali, iliyopewa jina kwa sababu inafanana na tunda la msonobari, na misonobari tunayo tele huku, kwa hiyo huna haja ya picha. Mwanafalsafa Mfaransa Descartes, karne ya 17, alidai roho ya binadamu imekaa pale. Alikosea, lakini namwelewa. Ukipasua ubongo ukaona kila kitu kiko viwili viwili, kulia na kushoto, kisha ukakuta kitu kimoja pekee katikati, lazima utaanza kukifikiria.

Tezi hii kwa wanyama wanyonyeshao yenyewe haioni mwanga. Inaletewa habari, na njia inayopita habari hiyo ni ya ajabu. Mwanga unaingia jichoni, habari inafika kwenye saa ya mwili chini ya ubongo, hatua mbili tatu tu kutoka kwenye tezi. Ungetarajia ivuke moja kwa moja. Wapi! Inateremka kwenye uti wa mgongo, inatoka nje, inafika kwenye fundo la neva shingoni, kisha inapanda tena kichwani. Ni mtu wa Karatina anayekwenda Kiganjo kwa kupanda matatu ya Sagana kwanza. Lakini inafika. Giza likiingia tezi inatoa melatonini, mwanga ukirudi inaacha. Usiku mrefu, melatonini ya muda mrefu. Usiku mfupi, ya muda mfupi. Tezi haiandiki kitu kingine; inaandika urefu wa usiku, basi.

Melatonini yenyewe ilipatikana mwaka 1958. Aaron Lerner, daktari wa ngozi wa Chuo Kikuu cha Yale huko Marekani, alikuwa akitafuta dawa ya rangi ya ngozi. Alikuwa amesoma kwamba maji ya tezi hii yanaifanya ngozi ya chura iwe nyeupe. Yeye na wenzake wakakusanya tezi za ng'ombe kutoka vichinjioni, maelfu kwa maelfu, wakazisaga na kuzichuja, hadi wakabaki na chembechembe za kitu kile. Uzazi hakuuwazia hata kidogo.

Waliokuwa wanauwaza walikuwepo, tena zamani. Mwaka 1898 daktari Mjerumani Otto Heubner alieleza habari za mtoto wa kiume wa miaka minne na kidogo aliyeanza kubalehe; mtoto alikuwa na uvimbe kwenye pineali. Tangu hapo ikashukiwa kwamba tezi hii ni kama mlinzi wa mlango wa uzazi, na mlinzi akiugua, mlango unaachwa wazi. Mwaka 1965 Wamarekani wawili, Roger Hoffman na Russel Reiter, wakauthibitisha mlango huo kwa hamsta, yule panya mfupi wa kufugwa. Hamsta dume akiwekwa kwenye siku fupi, korodani zake zinasinyaa. Akitolewa pineali kwanza, hazisinyai. Giza linampita kama redio iliyozimwa.

Hapa wanasayansi wakapotea njia kidogo, na mimi napenda watu wanapopotea njia, huwa wanaonyesha nchi ilivyo. Walijiuliza, je, tezi inatoa melatonini peke yake? Wengi waliamini kuna kitu kingine, peptidi. Peptidi ni nini? Chukua shanga za mama zako, zile za kiunoni ama za shingoni. Kila shanga ni asidi amino. Ukitunga shanga elfu, umepata protini. Ukitunga tisa, kumi, ishirini, hiyo ni peptidi, na mpangilio wa rangi ndio ujumbe. Melatonini si peptidi, ni shanga moja iliyosuguliwa na kubadilishwa umbo. Mwaka 1963 huko Bucharest, Romania, Milcu na Pavel na mwenzao wakatangaza kwamba wamekuta ndani ya pineali ya ng'ombe peptidi inayobana misuli ya mji wa mimba, na baadaye Pavel akaitaja: ajinini vasotosini, shanga tisa. Kwa miaka mingi zikaandikwa makala kwamba peptidi hiyo inapunguza homoni za uzazi. Kisha vipimo vikawa vikali zaidi, na maabara nyingine zikaikosa. Huko Leningrad nako, kuanzia miaka ya 1970, likatoka jungu la peptidi za pineali ya ng'ombe lililoitwa epithalamini. Wakasema panya wazee waliokoma kuja joto walirudi ujanani. Kazi nyingi kuhusu jungu hilo zimetoka kwa kundi lile lile la watafiti, na leo mtoto wake, mnyororo wa shanga nne, unauzwa mtandaoni kwa watu wanaoogopa uzee. Mimi nina mvi, na nimeamua kukaa nazo.

Basi peptidi ilikuwa wapi? Ilikuwa kwa jirani. Watu waliipekua nyumba ya pineali mpaka darini, kumbe mwenye kazi alikuwa anakaa mlango wa pili, kwenye haipothalamasi.

Mwaka 1971 timu mbili za Marekani zilizokuwa zikigombana kama mawifi, moja ya Andrew Schally iliyosaga ubongo wa nguruwe na nyingine ya Roger Guillemin iliyosaga ubongo wa kondoo, zilipata mnyororo wa shanga kumi. Kwa kifupi huitwa GnRH. Unatoka haipothalamasi, unateremka hatua fupi hadi tezi ya pituitari, na pituitari inaachilia damuni homoni zinazokwenda kupevusha mayai ya jike au kuamsha korodani za dume. Wote wawili wakapata Tuzo ya Nobel mwaka 1977, wakaipokea pamoja, na sidhani walitazamana. Peptidi hiyo mnaijua, ingawa hamjui kwamba mnaijua. Daktari wa mifugo akija kumdunga ng'ombe sindano ili yai litoke kwa wakati na mbegu iwekwe kwa saa iliyopangwa, mara nyingi ndani ya bomba la sindano kuna nakala ya shanga hizo kumi.

Lakini namna zinavyotolewa ndiyo siri. Mwaka 1978 Ernst Knobil na wenzake huko Pittsburgh walichukua tumbili ambao ubongo wao ulikuwa umezuiwa kutoa GnRH, wakawapa homoni hiyo kwa mrija. Wakiimimina mfululizo bila kukatiza, pituitari inanyamaza. Wakiitoa kwa mapigo, mara moja kila saa, inaamka. Sisi tunajua kwa nini, kwa sababu tumelelewa. Mgeni mstaarabu hupiga hodi, akasubiri, akapiga tena. Anayepiga hodi hodi hodi hodi bila pumzi, hakuna anayemfungulia, watu wanadhani ni wazimu ama ni polisi.

Nani basi anayeamua hodi ipigwe kwa haraka au polepole? Peptidi nyingine mbili, na hizi nazipenda kuliko zote.

Ya kwanza inaitwa kisipeptini. Jini lake liligunduliwa mwaka 1996 na watu wa saratani katika mji wa Hershey, Pennsylvania, mji wa kiwanda cha chokoleti, wakaliita kwa jina la chokoleti ya pale, Kisses, yaani mabusu. Hawakujua wamebashiri. Mwaka 2003 watafiti wa Ufaransa na wa Boston walionyesha kwamba watu ambao mlango wa kupokea peptidi hiyo umeharibika hawabalehe. Kisipeptini ndiyo inayoisukuma GnRH. Na mnyama aliyetusaidia kuiona ikifanya kazi ni mbuzi! Watafiti wa Japani waliweka nyaya nyembamba ndani ya ubongo wa mbuzi, karibu na seli za kisipeptini, wakasikia seli hizo zikilipuka pamoja, zikinyamaza, zikilipuka tena, na kila mlipuko ukafuatwa na hodi moja damuni.

Ya pili inafanya kinyume. Mwaka 2000 Kazuyoshi Tsutsui, Mjapani vilevile, alikuta kwenye ubongo wa kware mnyororo wa shanga 12 unaoifunga pituitari, unaiambia isitoe. Naam, kware, wale wale waliotutoa akili miaka ya 2013 na 2014, kila mtu anafuga, yai moja bei ya sahani ya githeri, kisha soko likaanguka tukabaki na vizimba. Laiti tungewauliza kuhusu homoni badala ya faida. Mwaka 2005 kundi lilo hilo likawatoa kware pineali na macho, viwanda vyao vya melatonini, na ile peptidi ya breki ikapungua. Wakawarudishia melatonini, breki ikapanda.

Mwaka 2005, basi, nyumba mbili zikaunganishwa. Pineali haihitaji peptidi yake yenyewe. Inapeleka habari ya giza, na peptidi za jirani zinaamua la kufanya: hii ya mabusu inasukuma, hii ya kware inazuia, na GnRH inapiga hodi kwa kasi iliyokubaliwa. Kwa kondoo na mbuzi melatonini haiongei nazo moja kwa moja. Inasomwa kwenye kikola kinachozunguka shina la pituitari, na kutoka hapo habari inarudi juu kupitia homoni ya koo, ile ya tezi inayovimba kwa watu wasiokula chumvi yenye madini joto. Sagana tena!

Na kila mnyama anasoma barua hiyo kwa miwani yake. Usiku mrefu humwambia hamsta "acha", humwambia farasi wa Ulaya "acha", humwambia kondoo na mbuzi "anza." Melatonini ni ile ile. Farasi hubeba mimba miezi 11, mbuzi mitano, na wote wawili wanataka mtoto azaliwe majani yakiwepo, kwa hiyo mmoja lazima apandwe siku zinaporefuka na mwingine zinapofupika. Huko Nouzilly, Ufaransa, mwaka 2007 Alain Caraty na wenzake waliwapa kondoo kisipeptini kwa mrija katika msimu ambao kondoo wa huko hawataki hata kumwona dume, na mayai yakapevuka. Barua ya giza ilikuwa inasema "ngoja", lakini wao walimnong'onezea mlinzi wa pili sikioni.

Shosho, bado uko? Sasa turudi nyumbani, ambako barua ya usiku haibadiliki.

Usidhani kwamba ikweta haina misimu ya uzazi. Teremka Mwea, kwa majirani zetu wa mpunga, uwaulize kuhusu kwelea kwelea. Ndege hao wanazaliana mvua ikishaotesha nyasi, wanakuja kama wingu. Mwaka 1964 Brian Lofts alichapisha kwamba aliwafungia kwelea chini ya mwanga wa saa 12 na giza la saa 12, bila mvua, bila nyasi, na korodani zao ziliendelea kupanda na kushuka kwa zamu. Kumbe walikuwa na kalenda ndani.

Yuko na mwingine, na huyu mnamwona kila siku bila kumsalimu. Ndege mdogo, dume ana kichwa cheusi, alama nyeupe pembeni ya shingo na kifua cha rangi ya kutu. Anapenda kukaa juu kabisa ya kigingi cha ua au kichaka, anatikisa mkia kama mtu mwenye haraka. Wataalamu humwita Saxicola. Eberhard Gwinner na John Dittami walichukua jamii ya ndege hao kutoka Kenya, upande wa Ziwa Nakuru, wakawalea Ujerumani katika vyumba ambavyo mwanga haubadiliki mwaka mzima. Mwaka 1990 wakatangaza kwamba miaka mingi ilipita na ndege waliendelea kunyonyoka manyoya na kukuza korodani kwa zamu, ila mwaka wao wa ndani ulikuwa mfupi kuliko wetu. Sasa saa inayokwenda mbio lazima kuna kinachoirekebisha. Hapa ikweta urefu wa siku hauwezi. Ni nini basi?

Ni hiki, na ukitaka kukihakikisha huhitaji maabara, unahitaji kuamka mapema. Hapa Karatina, mwanzoni mwa Novemba jua huchomoza saa 12 na dakika 11 asubuhi. Katikati ya Februari huchomoza saa 12 na dakika 42. Nusu saa nzima! Wachuma chai na wauza maziwa wanalijua jambo hili kwa miguu yao, Februari wanatembea gizani. Urefu wa siku haujabadilika, kwa sababu jioni nayo inasogea kwa kiasi hicho hicho. Ni siku nzima imesukumwa mbele, kwa sababu ya mwinamo wa dunia na njia yake isiyo duara kamili. Mwaka 2012 Wolfgang Goymann na wenzake waliwawekea ndege hawa mwanga wa urefu ule ule kila siku, lakini wakasogeza saa ya kuwasha na kuzima kama jua letu linavyofanya. Ndege wakarekebisha mwaka wao.

Mbuzi hana ujanja huo. Kwake, kwenye usiku usiobadilika, wanaopewa usukani ni wengine. Wa kwanza ni hori la chakula. Mafuta ya mwili hutoa homoni ya leptini, mnyororo mrefu wa shanga 146 uliogunduliwa mwaka 1994, na habari yake inafika kwenye seli za kisipeptini: huyu ana akiba au hana? Mbuzi aliyekonda kwa kula mabua makavu hahitaji giza kumkataza. Kisipeptini yake imeshaona ghala tupu. Ndiyo maana mfugaji hodari humwongezea jike chakula kizuri wiki mbili tatu kabla ya kumpeleka kwa dume, na mara kwa mara anapata mapacha. Wa pili ni beberu mwenyewe. Ile harufu inayokufanya ushuke kwenye matatu kabla ya stendi yako ina kazi. Mwaka 2014 Wajapani wale wale wa nyaya walitaja kemikali iliyomo, inayotoka kwenye nywele za kichwa cha beberu, na wakaonyesha kwamba jike akiinusa, seli zake za hodi zinaamka. Ukimficha beberu mbali na majike kwa wiki kadhaa kisha ukamleta ghafla, utaona mikia ikitikisika bila sindano yoyote.

Na balbu?

Balbu ya mjukuu ni halali kabisa. Kuku wa mayai anataka mwanga wa saa 14 hadi 16 ili atage vizuri, na anga la Karatina linampa 12 tu. Tena kuku hahitaji hata macho kuuona msimu. Mwanga unapenya fuvu na kufika kwenye seli ndani ya ubongo. Michael Menaker, huko Marekani, aliwadunga shomoro wino mweusi chini ya ngozi ya kichwa na ubongo ukaacha kuitambua siku ndefu, ingawa macho yalikuwa wazi. Kwa kuku siku ndefu ni amri ya kutaga. Na mtaona kuku aliyetaga leo saa mbili asubuhi, kesho anataga baadaye kidogo, keshokutwa baadaye zaidi, halafu siku moja anapumzika. Yai moja huchukua saa 25 hivi, na homoni ya kulipevusha jingine hutoka katika dirisha fulani la usiku tu. Akichelewa, dirisha limefungwa, anangoja kesho. Na kinacholisukuma yai nje mwishoni ni nini? Ajinini vasotosini! Ile ile peptidi ya Bucharest. Kwa kuku ipo bila ubishi wowote, inatoka nyuma ya pituitari, inabana misuli, na yai linaanguka kwenye majani.

Kwa hiyo ndani ya banda moja, shosho, mjukuu wako ametoa amri moja inayosikika mara mbili. Kuku wanasikia: siku imerefuka, tageni. Mbuzi mwenye damu ya Alpine, ambaye melatonini yake huzimwa hata na mwanga hafifu, anasikia: siku imerefuka, ni Juni kwa bibi zako, ngoja. Simaanishi kwamba kila mbuzi wa Nyeri aliyetulia ametulizwa na stima. Wengi wametulizwa na njaa, na wengine wana mimba ambayo mwenyewe haijui, beberu wa jirani aliruka ua. Ningeanza kwa kupapasa mgongo wake nione mafuta. Kisha ningeuliza kuhusu ua.

Nilimkuta tena Jumamosi, kabla ya kipindi hiki, na mfuko wa kabeji mgongoni, nikauliza yote mawili. Mgongo wa mbuzi, alisema, ni mnene kuliko wake, na ua wa jirani ni mzima. Nikamuuliza kama alimwambia mjukuu aihamishe balbu. Akanitazama kama mwanafunzi anavyomtazama mwalimu aliyekosea hesabu ubaoni.

"Balbu inaleta trei mbili za mayai kwa siku," akasema. "Nilimhamisha mbuzi."